Kuisikiliza Dawa Ndani ya Ini

Jumatatu, 3 Machi

Daftari la maabara halipokei matusi wala furaha. Linapokea saa, joto la chumba na namba ya mgonjwa, basi. Kwa hiyo leo nimenunua hili la pili, lenye jalada la kijani, kwa mambo ambayo lile la kwanza lingeyatema.

Nianze na la kufurahisha. Tumepewa mashine! MRI, ile mashine ya sumaku ya ghorofa ya chini, ni yetu kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, mpaka mwisho wa Juni. Miaka miwili nimeiomba kwa barua, kwa simu, na mara moja kwa machozi (ya kweli, ingawa mume wangu anasema nilijisukuma kidogo).

Wengine wanaitumia kupiga picha. Mimi sipigi picha. Nimemweleza mama mkwe, tunayeishi naye, mara tano sasa, na bado kila jioni ananipokea mlangoni na swali lilelile: "Picha zimetoka?" Basi namwandikia hapa, ili siku akilifungua daftari hili kwa siri, na atalifungua, ayakute maelezo yakimsubiri.

Mama, ni hivi. Dawa ya saratani tunayoifuatilia ina florini ndani yake. Mwili wa mtu hauna florini ya kusikika. Ile kidogo iliyo kwenye meno na mifupa imekaa kimya. Tukimlaza mgonjwa ndani ya sumaku na kumwekea koili ubavuni, yaani kitu kama sahani ya plastiki yenye waya ndani, florini ya dawa inaitika. Mwitiko wake tunauona kwenye skrini kama mstari wenye vilele. Dawa ikiwa bado nzima ina kilele chake. Ini likishaivunja, mabaki yana kilele kingine. Na dawa ikiingia kwenye seli za uvimbe, zikaigeuza kuwa ile sumu inayoziua zenyewe, panatokea kilele cha tatu, kidogo, upande wa kushoto. Hicho cha tatu ndicho ninachokitafuta. Hatumkati mtu, hatumchomi sindano ya kuchukua nyama, na bado tunajua dawa iko wapi na inafanya nini dakika hiihii.

Haya, umeelewa? Sasa funga daftari, Mama.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumejaribu kwa chupa ya maji yenye dawa, bila mgonjwa. Mstari umetoka umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na kilele kimoja kirefu katikati. Nimecheka peke yangu chumbani mpaka Muuguzi wetu akachungulia.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja mgonjwa wetu wa tatu kusaini fomu, na huyu sitamsahau. Ni mshonaji, miaka hamsini na minane, na wodi nzima inamwita Mama Cherehani. Ana uvimbe kwenye ini, wa sentimita sita.

Muuguzi hana mzaha na vyuma, maana sumaku yetu nayo haina mzaha.

"Mama, una chuma chochote mwilini?"

"Sina, mwanangu. Hata hereni nimeziacha nyumbani."

Muuguzi akapitisha vidole kwenye ukosi wa blauzi, akatoka na sindano. Akatoka na ya pili. Upindo wa sketi ukatoa nne. Kiunoni zikatoka tano.

"Na hizi je?"

"Aa, hizo! Mimi nilidhani unauliza chuma. Hizo nimezivaa miaka thelathini, hata sizihisi."

Sindano kumi na moja! Sumaku ingezinyakua zote kwa mkupuo, na yeye akiwa ndani yake. Muuguzi, jasho likimtoka, ameandika karatasi na kuibandika mlangoni: MAMA CHEREHANI AKAGULIWE MARA MBILI. Mwenyewe akaisoma, akaomba kalamu, akafuta MBILI, akaandika TATU.

Alipoondoka nimezungumza na daktari wake, bingwa wa saratani. Wagonjwa wanamwita Daktari Subiri, kwa kuwa ukimuuliza lolote, hata saa, anaanza na "subiri."

"Subiri," akaniambia. "Miezi minne nampa dawa hii. Uvimbe haukui, lakini haupungui. Kuna mambo mawili. Huenda dawa inaingia kwenye uvimbe na kutoka mbio. Ikiwa ni hivyo, ninayo dawa ya pili ya kuishikilia isitoke. Lakini hiyo ya pili inachubua utumbo, siwezi kumpa mtu kwa kubahatisha. Au huenda seli za uvimbe wake haziigeuzi dawa kabisa. Hapo hata uishikilie mwaka mzima ni kazi bure, na mimi nitasimamisha matibabu."

"Ukisimamisha utampa nini?"

"Sina kingine. Ataenda nyumbani."

Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Nimemchukia kidogo, sioni haya kuandika. Lakini nimeelewa kazi yangu: kilele cha tatu kikionekana, hata kama ni kidogo kama punje, Mama Cherehani anapata dawa ya pili. Kisipoonekana, anakwenda nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Dripu ya Mama Cherehani ni kila baada ya wiki mbili, na leo ilikuwa mara ya kwanza kumsikiliza. Tumekula hasara. Skrubu za plastiki za kifuniko cha koili zimelegea. Mashine ikinguruma, kifuniko kinacheza na mstari unatetemeka wote. Saa nzima amelala bila kujitikisa, na sikupata kilele hata kimoja cha kuaminika.

"Mmeiona?" akauliza alipotoka.

"Bado, Mama."

"Basi ipo. Vitu vyangu vyote hupotea kwanza, ndiyo vinapatikana."

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Imeshuka saa nne asubuhi bila hodi, na ukuta wa ghorofa ya chini umeanza kutoka jasho. Nimemwita Fundi, yule mzee mrefu anayetunza mitambo yetu, ambaye neno kumtoka mdomoni ni kazi. Nimemwambia akaze skrubu za koili kwa chochote alicho nacho, ilimradi si chuma, nisikisikie tena kifuniko kikicheza. Mama mkwe amefua mapazia yote leo, siku ya mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mapazia yako kwenye viti, sisi tumekaa sakafuni.

Jumanne, 18 Machi

Koili imetulia kabisa, Fundi kafanya kazi nzuri. Lakini sasa pana jambo jipya. Tumemlaza mgonjwa wa kwanza, mwanajeshi mstaafu, na mahali pa mstari ulionyooka pametokea kilima. Si kilele, ni kilima: kipana, cha mviringo, kimelala katikati ya skrini kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Kilele cha dawa kinachungulia juu yake kwa shida. Kile cha tatu, kama kipo, kimefunikwa.

Muuguzi anasema ni unyevu. Daktari anasema ni unyevu. Mimi pia nasema ni unyevu, maana kabla ya mvua hakikuwapo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Kilima.

Jumanne, 25 Machi

Mama Cherehani kwa mara ya pili. Muuguzi amemkagua mara tatu na kumkuta na moja tu, kwenye kilemba. Ndani ya mashine alitulia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima. Nikamuuliza anawezaje. "Naushona ukuta wa hilo bomba lenu, kwa macho," akasema. "Leo nimemaliza mkono wa kushoto."

Kilima kipo palepale. Nimejaribu kukiondoa kwa hesabu, na kila nikikiondoa naona kilele cha tatu kushoto. Nikaondoa kwa hesabu nyingine kidogo, kilele hakipo. Sitampa Daktari kitu ninachoweza kukiumba mwenyewe kwa kalamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumeweka mashine mbili za kukausha hewa. Chumba kimekauka mpaka midomo inapasuka. Nimeweka tena ile chupa ya tarehe 4, chupa ileile. Kilima.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimechemka.

Mama kwa mara ya tatu, kilima kwa mara ya saba. Alipotoka alishika ukingo wa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya mwezi wa tatu. Hakuuliza kama tumeiona. Nikatoka nje ya chumba nikamkuta Fundi koridoni amesimama na kitambaa chake begani.

"Fundi, hiyo koili umeikausha?"

"Nimeikausha."

"Waya umeziangalia?"

"Nimeziangalia."

"Umeziangaliaje, na kilima bado kipo?"

"Mimi nafanya kazi na koili. Kilima ni cha skrini yako."

Akasema polepole, bila kunitazama, na hilo ndilo lililonipandisha. Nimempa vidonge vyake mbele ya Muuguzi na wagonjwa wawili, kisha nikaketi na kumwandikia mkuu wa idara barua: uzembe, mitambo kutotunzwa, na kadhalika. Nimeandika vizuri. Nikikasirika naandika vizuri sana.

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi amehamishiwa kwenye jenereta, nyuma ya jengo. Barua yangu imefanya kazi upesi kuliko kitu kingine chochote nilichofanya mwaka huu.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Wakati wa chakula mama mkwe, akiwa anamenya chungwa, akasema ghafla, "Yule Fundi umemwonea."

Sijawahi kumtaja Fundi katika nyumba hii. Nikamuuliza amemjuaje.

"Nimeota."

"Umeota kilima pia?"

"Kilima nimekiota, na mapazia yangu nimeyaota. Sikiliza. Mtu anakwambia amekausha. Kama ni mwongo, mfukuze. Kama ni mkweli, basi pale pakavu. Sasa wewe unahangaika na maji gani?"

Mume wangu ameinama kwenye sahani asionekane anacheka. Nimenuna mpaka jioni, lakini maneno hayo yamenikaa.

Jumanne, 22 Aprili

Kilima. Daktari amesimama nyuma yangu, akasema, "Subiri... Tarehe 6 Mei Mama Cherehani ana dripu nyingine. Hiyo ndiyo ya mwisho. Tusipoona kitu, nasimamisha. Damu yake inashuka, siwezi kuendelea kumwaga dawa nisiyojua inakwenda wapi."

Mama anajua. Daktari amemwambia mwenyewe, kwa lugha nyepesi, ameketi ukingoni mwa kitanda chake. Nilidhani mtu huyu hana moyo. Muuguzi anasema karatasi ya kusimamisha ilikuwa mezani kwake tangu mwanzo wa Aprili na mara mbili amekataa kuitia saini.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa bado nimelowa, mwandiko huu mnisamehe.

Nimeomba mashine kwa siku nzima ya leo, siku isiyo na wagonjwa. Wazo lilikuwa la mama mkwe, hata kama alilipata kwa kuiba: kama Fundi ni mkweli, si maji. Kama si maji, ni kitu. Na kitu hukamatwa.

Nikaanza saa mbili asubuhi. Nimeweka kila kitu kama siku ya mgonjwa: godoro, mto, shuka, mkanda wa kufungia, koili, chupa. Kilima. Nikatoa shuka. Kilima. Nikatoa mto, nikiushuku sana, maana ni mpya. Kilima. Mkanda. Godoro. Nikavua hata viatu vyangu vya mpira na kuviacha koridoni, ingawa nakaa chumba cha pili na viatu vyangu havihusiki. Saa sita nikatoa chupa. Sasa kitandani hapana dawa, hapana mtu, hapana kitu ila koili peke yake imelala kwenye mbao tupu. Haikupaswa kuonekana hata chembe ya florini.

Kilima, kizima kizima, tena kirefu zaidi, maana sasa hakuna wa kukiziba.

Basi ni koili yenyewe. Nikachukua bisibisi ya plastiki nikafungua kifuniko. Skrubu ya kwanza ikatoka, na juu ya meno yake kulikuwa na kitu cheupe, chembamba, kimezungushwa kwa ustadi kama bandeji ya kidole. Ya pili vilevile. Skrubu nane, zote zimevikwa. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba! Inayozungushwa kwenye koki isivuje!

Mtu mwingine yeyote kwenye jengo hili angetazama na kusema, safi, fundi hodari. Wanaopiga picha wasingeiona kamwe, sumaku haiijali, na si chuma. Lakini tepu ile imejaa florini. Katika dunia nzima ya vitu vya kufungia skrubu, ni hicho kimoja ambacho sisi hatukupaswa kukigusa, kwa sababu sisi peke yetu ndio tunaosikiliza florini.

Nilitoka mbio hadi duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, bila viatu, kwenye mvua. Nimenunua tepu moja mpya. Nimeiweka peke yake ndani ya sumaku. Skrini nzima imejaa kilima. Nimepiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Kisha nikaketi kuandika haya, na kwa kuwa nilitaka kujua ni siku gani Fundi alifanya jambo hili, nimerudi nyuma kwenye daftari. Tarehe 13 Machi. Mkono wangu mwenyewe. "Kwa chochote alicho nacho, ilimradi si chuma."

Kilima kilikuja na mvua kwa kuwa amri yangu ilikuja na mvua. Furaha na aibu vimenikaba pamoja na sijui nianze na ipi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeanza na aibu.

Chumba cha jenereta kina joto na harufu ya dizeli. Fundi alikuwa anafuta kichujio kwa kile kitambaa chake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akaendelea kufuta.

Nikamwonyesha skrubu moja. Nikamweleza florini, tepu, kilima, yote, na kwamba nilimwambia mwenyewe atumie chochote, na kwamba kila alichonijibu siku ile kilikuwa kweli. Nikamwomba radhi. Nilitaka kulia nikajikaza.

Aliichukua skrubu akaigeuza kwenye mwanga.

"Ulisema si chuma. Nikawaza, gundi itaharibu kifuniko, karatasi italowa. Tepu hii nimefungia mabomba miaka kumi na miwili, haijanitia aibu hata siku moja. Sasa hiyo florini ningeijuaje? Haina rangi, haina harufu."

"Ungeniambia umetumia nini."

"Ungeniuliza." Akanirudishia skrubu. "Siku ile ulinijia na maswali, lakini jibu ulikuwa umekuja nalo."

Nimeandika barua ya pili kwa mkuu wa idara, ndefu kuliko ya kwanza na isiyoandikwa vizuri hata kidogo, na nimemsomea Fundi kabla ya kuipeleka. Alinisahihisha mahali pamoja: si miaka kumi, ni kumi na miwili.

Daktari naye nimemwambia. Nilitegemea anikaripie. Akauliza, "Subiri. Kwa hiyo tarehe 6 tutaona?"

"Tarehe 6 tutaona."

Jumatano, 30 Aprili

Fundi amerudi! Amesafisha skrubu kwa brashi ya meno, moja moja, na kukifunga kifuniko kwa uzi mnene wa pamba. Kabla ya kukata uzi alinionyesha na kuuliza, "Huu je?" Tumeazima mashine dakika kumi, tukauweka ndani ya sumaku kwanza. Umekaa kimya. Mstari umenyooka. Tumetazamana, na nimeyaona meno ya Fundi kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 6 Mei

Mama Cherehani alipolala na kuona koili ikija ubavuni mwake, akaikamata.

"Nani amefunga fundo hili?"

"Mimi," akasema Fundi.

"Hili ni fundo la viatu. Litafunguka." Akalifungua pale pale, akafunga lake, akavuta kwa meno. Muuguzi alikuwa anataka kuzimia kwa habari ya usafi. Fundo halikucheza saa nzima.

Dripu ikaanza saa tatu na dakika tano. Sote tulikuwa nyuma ya kioo: mimi, Muuguzi, Fundi, na Daktari akiwa amesimama mikono nyuma. Mstari ukanyooka. Dakika ya nne kilele cha dawa kikasimama, chembamba na kirefu. Dakika ya sita mabaki yakaanza kuonekana kulia, ini likifanya kazi yake. Kisha kilele cha dawa kikaanza kushuka upesi, upesi mno. Dakika ya tisa tu, na nusu yake ilikuwa imekwenda. Inatoka mbio, kama Daktari alivyohofu.

Lakini kushoto. Dakika ya kumi na sita, kushoto, pakainuka kitu kidogo. Kikarudi kulala. Kwenye mstari uliofuata kikainuka tena, mahali palepale. Na uliofuata. Na uliofuata. Sikutumia hesabu ya kukiumba. Nilikitazama tu.

"Hicho ni kelele za mashine?" Daktari akauliza kwa sauti ya chini.

"Kelele hazikai mahali pamoja mara nne."

Akainama mpaka pua ikakaribia kioo cha skrini. "Seli zinaigeuza," akasema. "Zinaigeuza, ila dawa haikai za kutosha." Akanyooka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema subiri. Alisema, "Tunampa ya pili."

Muuguzi alinikumbatia. Mama mkwe jioni akauliza kama picha zimetoka, nikamwambia zimetoka, Mama, zimetoka!

Jumapili, 18 Mei

Mvua imepungua. Ninahesabu siku kama mtoto anayesubiri shule ifungwe.

Jumanne, 20 Mei

Leo ndiyo siku niliyoinunulia daftari hili, na sikujua.

Mama Cherehani alipewa dawa ya pili jana mchana, ile ya kuishikilia ya kwanza. Leo kaingia amevimba macho, hakulala kwa kichefuchefu, lakini ameingia kwa miguu yake na kumkumbusha Muuguzi amkague. Hakukutwa na sindano hata moja. Muuguzi hakuamini, akarudia mara ya nne.

Dripu ikaanza. Kilele cha dawa kikasimama dakika ya nne, kama siku ile. Dakika ya tisa, pale ambapo mara iliyopita nusu ilikuwa imekwenda, kilikuwa bado kimesimama. Dakika ya kumi na tano, kimesimama. Daktari alivua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, kana kwamba haiamini ya ukutani. Dakika ya ishirini kimeinama kidogo. Ilipofika nusu ilikuwa dakika ya thelathini na moja. Thelathini na moja! Kutoka tisa!

Na kushoto hakukuwa tena na punje. Kulikuwa na kilele, chenye mabega na kichwa, kinachokua kila tunapotazama. Dakika ya ishirini na nne kilikuwa mara mbili ya siku ile. Dakika ya arobaini, mara tano. Ile sumu ilikuwa inatengenezwa ndani ya uvimbe wenyewe, mbele ya macho yetu, katika ini la mwanamke aliyelala mita nne kutoka kwetu akishona ukuta kwa macho. Hakuna mtu mwingine duniani dakika ile aliyekuwa anaona tunachokiona.

Fundi ndiye aliyeanza. Alipiga kofi moja, kubwa, akajishika mkono kwa aibu. Basi Muuguzi akapiga kigelegele, na mimi nikaruka nikagonga kiti, na Daktari, bingwa wa saratani, mtu wa ratiba ya basi, akawa anasema "ee! ee! ee!" kama anayeangalia mpira. Tulisahau kuzima kipaza sauti.

"Mbona mna kelele huko?" sauti ya Mama ikatoka kwenye spika. "Kuna moto? Nitoke?"

"Usijitikise, Mama!" tukapiga kelele wote wanne.

"Mnanicheka?"

"Hapana, Mama. Tumeiona!"

Akasema, polepole, "Basi endeleeni kuitazama. Mimi nipo."

Nimelia. Naliandika wazi, nimelia puani na machoni, na daftari la maabara nimeliandikia tu: dakika 31, kilele cha tatu kimethibitishwa.

Jumanne, 3 Juni

Utumbo umemsumbua sana Mama Cherehani wiki hii, kilo tatu zimekwenda. Daktari amepunguza kidogo dawa ya pili. Tumepima: dakika ishirini na nane. Bado inakaa. Wagonjwa wengine wawili nao tumewaanzishia.

Jumanne, 17 Juni

Jua kutwa. Dakika thelathini. Mama mkwe amefua mapazia na yamekauka kabla ya saa sita.

Ijumaa, 27 Juni

Leo si mimi niliyefanya kazi, ni wapiga picha. Uvimbe wa Mama Cherehani umepimwa upya. Daktari aliupima, akaupima tena, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aupime bila kumwambia namba yake. Wamepata sawasawa. Sentimita tatu na nusu, kutoka sita.

Aliniita niwepo anapomwambia, na Fundi akaja bila kuitwa. Mama alisikiliza ameshika mkoba wake magotini. Hakupiga kelele wala kulia. Aliuliza kama dawa zinaendelea, Daktari akasema zinaendelea, na kwamba safari bado ni ndefu, ila sasa tunajua njia. Akauliza kama anaweza kuuona ule mstari. Nikamletea karatasi ya tarehe 20 Mei nikamwonyesha kwa kidole, kushoto.

"Haka?"

"Hako, Mama."

Alikatazama muda mrefu, akakagusa kwa ukucha, akakunja karatasi mara nne na kuitia kwenye blauzi. Kisha akasimama.

"Daktari, kama tumemaliza, mimi nina haraka. Napita kwa mdogo wangu. Mwezi wa kwanza nilimpa cherehani yangu, nikamwambia ndiyo urithi wake, asiniletee tena machoni. Nimekuwa nikishona kwa mkono tangu siku hiyo." Akatia mkoba kwapani. "Nakwenda kuichukua."

Daktari alijifanya anatafuta kalamu.

"Atanuna," Mama akasema. "Mwache anune. Fundi, ile ni chuma tupu, siiwezi peke yangu. Una mikono?"

Fundi aliweka kitambaa chake mezani. Nimewaangalia dirishani wakivuka uwanja: Mama mbele anakwenda mbio, na Fundi, pamoja na urefu wake wote, nyuma anajaribu kumfikia.